Vitabu Vinavyoulizwa Makongeni

"Mko na Kiriamiti?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi katika maduka ya vitabu ya Makongeni, na karibu kila mara huulizwa vivyo hivyo, kwa jina la mwandishi badala ya jina la kitabu. Muulizaji huwa kijana wa sekondari, au mwanamume aliyetoka zamu kiwandani, au mwanafunzi wa chuo aliyekodi chumba karibu. Mwenye duka hahitaji maelezo zaidi. Anajua kinachotafutwa ni *My Life in Crime*. Hutupia jicho rafu ya juu, ingawa anajua hakuna kitu pale, kisha hujibu: "Imeisha."

Neno hilo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, kwa sababu katika biashara ya vitabu lina maana mbili. Kuna imeisha ya nakala zilizonunuliwa wiki iliyopita, na nyingine ziko njiani. Kisha kuna imeisha ya nakala zilizonunuliwa miaka mitatu iliyopita, pesa zake zikageuka madaftari na karatasi za fotokopi, na hazikuwahi kugeuka tena kuwa kitabu. Katika mitaa yetu ni hii ya pili iliyotawala. Wanunuzi wapo na wanauliza kwa sauti. Kitabu nacho kipo, kinachapishwa, kiko Nairobi mwendo wa saa moja kwa matatu. Kilichokatika ni kamba ya kati, na ningependa tuitazame kamba hiyo kwa makini, kwa kuwa niliishika kwa mikono yangu miaka mingi nilipokuwa wakala wa mauzo wa wachapishaji, nikipanda na kushuka Barabara ya Thika kutoka Githurai na Ruiru hadi Juja na Thika, nikiwa na katoni la sampuli na kitabu cha ankara.

Nianze na mahali penyewe. Makongeni ni mtaa mkubwa wa Thika ulioenea kando ya Barabara ya Garissa, umegawanywa kwa fezi ambazo matatu huzitaja kama vituo, na jirani yake ni kijiji cha Kiandutu. Jina lenyewe limebeba mkonge, zao lililowahi kufunika sehemu kubwa ya nchi hii kavu inayoshuka kutoka Thika kwenda Makuyu na Yatta. Ukiifuata barabara hiyo unapita mashamba ya mananasi, kisha unaingia Ukambani, kwenda Matuu na Mwingi. Ukigeuka upande wa pili, kaskazini, umeingia Murang'a. Magharibi ni Gatundu, na mbele zaidi Limuru. Kwa hiyo duka la vitabu la Makongeni limesimama kwenye njia panda ya waandishi, ingawa wengi wapitao mlangoni hawajalifikiria hivyo.

John Kiriamiti ni mtu wa Murang'a, alizaliwa mwaka wa 1950. Alikamatwa mwaka wa 1971 kwa wizi wa mabavu, akafungwa, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 1984, mwaka uleule alioachiliwa. Kilitolewa na Heinemann katika mfululizo wa Spear, ambao marehemu Henry Chakava aliuanzisha miaka ya 1970 kwa ajili ya msomaji anayetaka hadithi ya kumfanya akeshe, na ambao leo uko chini ya East African Educational Publishers. Baada yake kikaja *My Life with a Criminal* mwaka wa 1989, simulizi ileile kwa sauti ya Milly, mwanamke aliyempenda mhalifu bila kujua kazi yake. Mimi *My Life in Crime* nilikisoma shuleni kikiwa hakina jalada wala kurasa nne za mwanzo, na nimekutana na watu wa rika langu wengi waliokisoma katika hali hiyohiyo, mwingine akikosa kurasa za mwisho akaelezwa na rafiki jinsi mambo yalivyoisha. Kitabu kinachofika mkononi mwako bila jalada kimepita mikono mingi, na hakuna daftari la mauzo linaloweza kuihesabu mikono hiyo.

Kutoka Ukambani kuna David Maillu, aliyezaliwa Kilungu mwaka wa 1939. Mwaka wa 1972 alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akatoa vitabu vidogo vya kutia mfukoni ambavyo karani na mfanyakazi wa kiwanda waliweza kuvinunua siku ya mshahara bila kunyima nyumba chakula. *After 4.30*, cha mwaka wa 1974, kilizungumzia ofisi, pombe, mapenzi na wanawake wanaonyanyaswa na mabosi wao. Wahadhiri walikikunjia uso, na Tanzania ikapiga marufuku vitabu vyake mwaka wa 1976. Sitaki kumtetea Maillu kwa kila ukurasa aliouandika. Lakini alielewa jambo ambalo wachapishaji wengi wa leo wamelisahau. Alijua ukubwa wa mfuko wa msomaji wake, akakipima kitabu kwa mfuko huo.

Na kutoka Limuru, katika kaunti hiihii ya Kiambu, ni Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka Mei 2025 akiwa Marekani. Ulimwengu unamjua kwa Kiingereza chake na kwa hoja zake kuhusu lugha. Anayeuza vitabu anapaswa kumkumbuka kwa jambo jingine pia. Baada ya kutiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka wa 1977 kwa sababu ya mchezo wa *Ngaahika Ndeenda* alioutunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa ajili ya wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, aliandika *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, yaani Shetani Msalabani, juu ya karatasi za msalani katika Gereza la Kamiti, ambalo kutoka Ruiru si mbali. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka wa 1980. Wachapishaji wangeridhika kuuza nakala elfu moja kwa mwaka. Wakachapa 5,000, zikaisha upesi, wakarudia kuchapa, wakarudia tena, hadi nakala 15,000 mwaka huohuo. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza jinsi kitabu kilivyosomwa kwa sauti majumbani, ndani ya matatu na kwenye mabaa, ambako msomaji alikuwa akinyamaza pale utamu ulipokolea, wasikilizaji wakaelewa kwamba bilauri imekauka.

Miaka sita baadaye kikaja *Matigari ma Njirũũngi*. Mapema mwaka wa 1987 habari zilifika serikalini kwamba kuna mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchini akiuliza maswali kuhusu ukweli na haki, ikatolewa amri akamatwe. Ilipogunduliwa kwamba ni mhusika wa riwaya, polisi waliingia katika maduka ya vitabu wakazikusanya nakala. Kila ninapokumbuka kisa hicho nafikiria mtu aliyesimama nyuma ya kaunta siku ile. Serikali ilijua kwamba njia ya kuufikia moyo wa msomaji wa kawaida hupita kwenye kaunta yake. Sisi tunaokipenda kitabu tunapaswa kulijua hilo angalau kama walivyolijua waliokiogopa.

Huko juu zaidi, Karatina, alikuwepo Gakaara wa Wanjaũ, aliyeandika na kuchapa mwenyewe vijitabu vya Kigĩkũyũ kwa miongo mingi, na mwaka wa 1984 akashiriki Tuzo ya Noma kwa shajara yake ya kizuizini. Na uko mti mwingine katika msitu huu, *The Flame Trees of Thika* cha Elspeth Huxley, kilichotoka mwaka wa 1959 na kufanywa tamthilia ya televisheni Uingereza mwaka wa 1981. Hakuna kitabu kilicholibeba jina la mji wetu mbali kuliko hicho. Hata hivyo Makongeni sijawahi kukiona kikiuzwa. Kinauzwa kwa wageni. Mimi ningekiweka rafuni bila kusita, bega kwa bega na Kiriamiti, ili mtoto wa hapa asome jinsi ardhi anayoikanyaga ilivyoonekana na binti wa mlowezi aliyefika akiwa mdogo kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, na akishasoma awe na la kujibu.

Basi eneo lina waandishi, na eneo lina wasomaji wanaowajua kwa majina. Kwa nini rafu ni tupu?

Ingia katika duka la kawaida la vitabu la mtaani utazame kwa jicho la mfanyabiashara. Mlangoni kuna mashine ya fotokopi, kwa sababu hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Mbele ya kaunta kuna madaftari, kalamu, jiometri, bahasha na kadi za mahari na harusi. Nyuma ya muuzaji kuna vitabu vya marudio, kamusi, atlasi, Biblia na vitabu vya nyimbo. Kwenye kona, katika rafu moja, mara nyingi ile ya juu isiyofikika bila kupanda kiti, kuna hadithi. Rafu hiyo moja ndiyo fasihi ya Makongeni. Zamani ilikuwa mbili au tatu.

Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure, serikali ilipeleka pesa za vitabu kwenye akaunti za shule, na shule zikanunua kwa wauzaji wa karibu. Huo ulikuwa wakati wa neema. Duka dogo lililopata shule mbili au tatu liliweza kufunga Januari likiwa na mtaji wa mwaka mzima, na katika mtaji huo mwenye duka alithubutu kununua nakala kumi za Meja Mwangi, kumi za Kiriamiti, chache za Margaret Ogola, akijua kwamba zikichelewa kuuzwa hazitamuua. Kitabu cha hesabu kilikuwa kinakibeba kitabu cha hadithi mgongoni. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini hivyo ndivyo fasihi ilivyofika mitaani.

Sheria ya VAT ya mwaka wa 2013 ilileta kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu. Hilo liliuma. Lililovunja mgongo lilikuja Januari 2018, serikali ilipoanza kununua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, lengo likiwa kila mwanafunzi apate kitabu chake. Nataka kuwa mwadilifu hapa. Mfumo wa zamani ulikuwa na wizi ndani yake, vitabu vililipiwa na visionekane, na kwa kununua kwa wingi serikali ilishusha bei ya nakala moja kwa kiasi kikubwa. Mtoto wa Kiandutu aliyekuwa akichangia kitabu kimoja na wenzake akapata cha kwake. Hilo ni jambo jema na sitaki lirudishwe nyuma. Ila pembeni ya jambo hilo jema, duka la mtaani lilipoteza mnunuzi wake mkubwa kwa siku moja, na hakuna aliyeuliza kitabu cha hadithi kitabebwa na nani sasa.

Tuchukue mfano wa hesabu, maana bila hesabu tutakuwa tunalia tu. Riwaya inauzwa shilingi 800, na duka linapata punguzo la asilimia 25. Nakala kumi zinamgharimu mwenye duka shilingi 6,000. Zikiuzwa zote kwa mwaka mmoja, faida yake ni 2,000. Shilingi 6,000 hizohizo akizitia kwenye madaftari na kupata faida ndogo ya asilimia kumi, anavuna 600 kila mzigo unapoisha, na shule zikiwa wazi mzigo unaweza kuisha kila mwezi. Kwa miezi tisa hiyo ni 5,400. Ukimlaumu mwenye duka huyu kwa kujaza madaftari, unamlaumu kwa kujua kuhesabu. Riwaya inalalia pesa zake.

Ndiyo maana kitabu pekee cha fasihi ambacho muuzaji wa mtaani hununua bila hofu ni kitabu teule, kile kilichowekwa kwenye mtihani wa kidato cha nne. Kinanunuliwa kwa tarehe inayojulikana, na miongozo yake hununuliwa zaidi ya chenyewe. *Kidagaa Kimemwozea* cha Ken Walibora kilitahiniwa hadi mwaka wa 2017, kisha *Chozi la Heri* cha Assumpta Matei kikashika zamu, na sasa ni *Nguu za Jadi* cha Clara Momanyi. Lakini hata hapa kuna shimo. Siku orodha inapobadilika, nakala zilizosalia hugeuka mzigo usiku mmoja. Nimeona maboksi ya namna hiyo chini ya kaunta, yamefunikwa kwa gunia, na mwenye duka hataki hata kuyazungumzia. Mtihani wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 utafanywa mwaka wa 2027, na anayeagiza kwa pupa leo anajichimbia shimo hilo.

Kuna jambo moja kuhusu Walibora linalonipa matumaini. Hakuwa mtu wa upande wetu, alilelewa kule Trans Nzoia, na tulimpoteza Aprili 2020 katika ajali jijini Nairobi. *Siku Njema* yake ya mwaka wa 1996 shule ziliisoma sana, kisha zikaenda kwa vitabu vingine. Watu wa Makongeni hawakuiacha. Mzazi anayemnunulia mwanawe daftari huongeza, "na kile cha Kongowea, bado kipo?" Kongowea Mswahili amekuwa kwao kama mtu waliyesoma naye darasa moja. Huo ni ushahidi kwamba mtahini anaweza kukifungulia kitabu mlango, lakini kuendelea kukiita kwa jina ni hiari ya msomaji. Na ni ushahidi mwingine pia. Katika mtaa huu, ambako Mkikuyu, Mkamba, Mluhya na Mjaluo wanajibizana kwa Kiswahili kutoka asubuhi hadi usiku, hadithi nzuri ya Kiswahili haihitaji kutafsiriwa kwa yeyote. Riwaya za kwanza za Ngũgĩ zilitiwa katika Kiswahili na John Ndeti Somba tangu miaka ya 1970, *Usilie Mpenzi Wangu* na *Njia Panda*, na ni miaka mingi sijaziona kwenye rafu yoyote ya Thika. Mchapishaji atakayezirudisha sokoni kwa umbo dogo na bei ya Maillu atanikuta mlangoni.

Ushindani mwingine uko nje, kwenye steji na kandokando ya barabara. Jijini Nairobi tunaiita inama bukushopu, kwa sababu vitabu hutandazwa chini nawe unainama kuchagua. Vingi ni vya mitumba, na huo ni uchumi halali uliotusomesha wengi. Tatizo ni vile vipya vya wizi, *Rich Dad Poor Dad*, *The 48 Laws of Power* na *Atomic Habits*, vilivyochapwa kwa karatasi hafifu bila mwandishi kuonja hata senti. Bei yake haibebi mwandishi wala kodi. Mwandishi wa Murang'a aliyelipa mhariri, mchoraji na mpiga chapa anawekwa kwenye mizani na kitabu kisicholipa mtu, halafu tunaambiwa wasomaji wetu hawapendi vya kwao.

Hapa ndipo nafika kwenye neno ambalo wafanyabiashara wa Kiswahili walikuwa nalo kabla hatujawa na maduka ya vitabu: mali kauli. Unaniachia bidhaa kwa neno, nikiuza nakulipa, nisipouza nakurudishia. Kwa hesabu niliyoionyesha, mali kauli ndiyo njia pekee ninayoiona ya kumrudisha mwandishi wa eneo kwenye rafu ya Makongeni, kwa sababu inaondoa kile hasa kinachomwogopesha muuzaji. Pesa zake hazilali. Nafasi tu ndiyo inayolala, na nafasi kwenye rafu ya juu anayo. Katikati ya jiji la Nairobi, Abdullahi Bulle wa duka la Nuria ameonyesha kwamba inawezekana kulijenga duka kwa kuwapokea waandishi wa Kenya waliojichapisha wenyewe, wale ambao maduka makubwa yalikuwa yakiwarudisha mlangoni. Lakini Nuria iko Nairobi na ina mauzo ya mtandaoni. Mtaani mambo ni magumu zaidi, na nitasema ugumu ulipo.

Mali kauli ya vitabu hufa kwa sababu ya kauli bila karatasi. Miaka iliyopita niliacha nakala kumi na mbili za kitabu katika duka moja la Thika. Tulishikana mikono, hatukuandika. Niliporudi baada ya miezi minne pale palikuwa panauzwa chipsi, na mpaka leo sijui nakala zile zilienda wapi. Nilikasirika sana wakati ule. Sasa naona kwamba kosa lilikuwa letu sote wawili. Mimi nilitoweka miezi minne bila hata kupiga simu, na mwenye duka aliyeuza nakala tatu mwezi wa kwanza hakujua ampelekee nani pesa, zikaingia kwenye unga wa nyumbani, kama pesa yoyote isiyo na mwenyewe inavyofanya. Karatasi moja ingetosha: nakala ngapi, bei gani, nani anachukua ngapi, tarehe ya kuhesabu, namba ya M-Pesa. Leo mwandishi analipwa bila kupanda matatu, hivyo ile sababu ya zamani kwamba nauli inakula faida haipo tena.

Waandishi nao wanisikilize. Usipeleke nakala hamsini. Peleka tano, na zikiisha rudi kesho yake na tano nyingine, kwa maana duka linamheshimu mwandishi anayerudi. Mpe muuzaji asilimia ya kumfanya akumbuke jina lako. Robo haitoshi kwa kitabu asichokijua, mpe theluthi. Na tafadhali tengeneza mgongo wa kitabu. Naletewa vitabu vizuri vilivyobanwa kwa pini mbili, vikiingia rafuni vinapotea kabisa, kwa kuwa kinachoonekana rafuni ni mgongo, na vitabu hivyo havina. Maandishi ya mgongoni yawe makubwa kiasi cha kusomeka kutoka upande wa pili wa kaunta, kwa sababu katika duka la mtaani mteja hagusi rafu. Anasimama nje ya kaunta, ananyoosha kidole.

Kwa wauzaji nina ombi moja tu, na limetokana na neno lile, imeisha. Wenzetu Marekani, chama cha wauza vitabu wanaojitegemea hukusanya mauzo na kutoa orodha kwa maeneo, hivyo kitabu cha mwandishi wa kwao huonekana kikipanda hata kama New York hakijulikani. Wafaransa wana sheria tangu mwaka wa 1981 inayozuia duka kubwa kushusha bei ya kitabu kipya zaidi ya asilimia tano, ili duka dogo lisizimwe. Sisi hatuna sheria hiyo, na hakuna anayekusanya mauzo ya maduka ya Makongeni, Juja na Ruiru kila wiki. Mchapishaji aliye Nairobi anaona tu maagizo yanayofika kwake. Kitabu kilichoulizwa mara ishirini na kujibiwa "imeisha" mara ishirini kinaonekana kwake kama kitabu kisichotakiwa. Kwa hiyo orodha ya mauzo, hata kama tungekuwa nayo, isingetuambia ukweli wa mtaa huu. Tunahitaji orodha ya vilivyoulizwa.

Inahitaji daftari na kalamu, bidhaa mbili ambazo hakuna duka la vitabu lisilokuwa nazo. Kila mteja anapouliza kitabu na kuondoka bila, jina linaandikwa vilevile alivyolitamka, hata kama amekosea. Mwisho wa muhula daftari linafunguliwa mbele ya wakala wa mauzo. Nimekaa upande ule wa meza, najua wakala hubabaishwa na nini. Maombi ya jumla humpita masikioni. Ukurasa wenye tarehe na majina utamfanya atoe simu amuulize bosi wake kama anaweza kuacha nakala bila malipo ya awali.

Jambo hili si geni kabisa. Miaka ya 1970 Marjorie Oludhe Macgoye, mwandishi wa *Coming to Birth*, alisimamia duka la S. J. Moore jijini Nairobi, na duka lile likawa mahali ambapo waandishi na wasomaji walikutana kusomeana. Alikuwa muuza vitabu aliyejua nani anaandika nini na nani anatafuta nini. Hatuwezi kumtarajia kila mwenye fotokopi awe Macgoye. Ila ujuzi ule wa nani anatafuta nini, wauzaji wetu wanao kichwani tayari. Haujawahi tu kuandikwa.

Mama mmoja mwenye duka Makongeni alikubali kujaribu. Nilipita juzi, akanisukumia daftari juu ya kaunta huku akimhudumia mtoto aliyetaka rula. "Mwalimu, soma mwenyewe," akasema. Mwandiko ulikuwa wa haraka, mistari mingine imepinda. Kiriamiti. Kiriamiti. Cha Kongowea. Kamusi kubwa ile mpya. Kiriamiti, ya Milly. Kile cha Ngũgĩ cha shetani, mzee anakitaka cha Kikuyu si cha Kizungu. Kitabu cha Thika cha zamani, cha mzungu, hajui jina. Kiriamiti.

Nilimwuliza kama naweza kupiga picha ukurasa ule. Alikubali, kisha akataka kujua kama kweli nitavileta. Tumeandikiana karatasi, sahihi zote mbili zipo. Ijumaa nampelekea Kiriamiti tano, Ngũgĩ wa Kigĩkũyũ wawili, na kwa ajili ya yule asiyejua jina la kitabu, Huxley mmoja.